Kibali cha Kuuza Kinu cha Nyuklia Nchi za Nje: Anayekitoa Huangalia Nini?

Mkulima wa Njombe anayeuza parachichi zake ng'ambo hawezi kuzipeleka bila karatasi moja muhimu, nayo ni cheti cha afya ya mimea. Cheti hicho hutolewa na mkaguzi wa serikali yetu wenyewe, lakini faida yake humwendea mnunuzi. Mkaguzi hutazama kama tunda lina funza au ugonjwa ambao nchi ya mnunuzi haiutaki, kisha hutia sahihi kwa ajili ya watu ambao pengine hatawaona maishani mwake. Kwa maneno mengine, serikali ya muuzaji humkagulia mnunuzi.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wasomi, hudhani kwamba vinu vya nyuklia navyo huuzwa kwa utaratibu wa namna hiyo. Wakisikia kwamba serikali ya nchi kubwa imelipa shirika lake kibali cha kuliuzia shirika la umeme la nchi nyingine kinu cha nyuklia, hutulia mioyo, wakiamini kwamba wakaguzi wa huko wamekwisha kuhakikisha kuwa kinu hakitamdhuru mtu. Shabaha ya makala hii ni kueleza kwamba sivyo. Kibali hicho hutanguliwa na maswali mazito, na huweza kuchukua miaka, lakini swali la usalama wa mkazi atakayeishi karibu na kinu kwa kawaida si miongoni mwa maswali hayo.

Jambo hili haliko mbali nasi. Kenya iliunda Wakala wa Nguvu za Nyuklia na Nishati mwaka 2019, Uganda imeitaja Buyende kuwa mahali pa kinu chake cha kwanza, na Tanzania, katika wilaya ya Namtumbo, ilizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ya Mto Mkuju mwezi Julai 2025. Yafaa basi mwananchi ajue karatasi hizi zina maana gani.

Kinu na boila

Tuanze na kinu chenyewe. Pale Kibena, karibu na mji wa Njombe, kampuni ya miwati ya TANWAT ilijenga katika miaka ya 1990 mtambo mdogo wa umeme wa megawati 2.5 hivi. Mabaki ya miti huchomwa, maji huchemka katika boila, mvuke husukuma mapanga ya tabaini, na tabaini huzungusha jenereta. Kinu cha nyuklia cha kufulia umeme ni mtambo wa ukoo huo huo. Tofauti imo jikoni. Badala ya kuni kuna nondo za fueli zenye urani. Kiini cha atomi ya urani kikipigwa na nyutroni hupasuka, hutoa joto, na hutoa nyutroni nyingine zinazopasua viini vingine. Mfululizo huo huendelea kwa kadiri mwendeshaji anavyoruhusu kwa kuingiza au kutoa nondo za kudhibiti, ambazo hunyonya nyutroni.

Ukilishika jambo hilo utaelewa kwa nini sheria za kuuza vinu hazijali kila boliti. Tabaini, jenereta, transfoma na minara ya kupozea maji ni vyombo vya kawaida, na huuzwa kama mashine nyingine. Kinachowekewa ulinzi mkali ni kile kilichobuniwa kwa ajili ya jiko lenyewe: chombo kikubwa cha chuma kinene kinachohifadhi fueli, pampu za kuzungushia maji ya kupozea jiko, nondo za kudhibiti na mitambo yake, mabomba ya madini ya zikoni yanayofunika fueli, na hasa fueli yenyewe. Juu ya vitu hivyo kuna kitu kisichoonekana kwa macho, yaani ujuzi: michoro, hesabu, na mafunzo ya wahandisi. Ujuzi nao una kibali chake.

Hofu ilikoanzia

Sababu ya ulinzi huu ni kwamba jiko la nyuklia lina majivu ya ajabu. Sehemu ya urani, ikishameza nyutroni, hugeuka kuwa plutoni, na plutoni ikitenganishwa na mabaki mengine huweza kutengenezewa bomu. Kila anayeuza kinu, apende asipende, anauza pia mahali ambapo plutoni huzaliwa.

Bara letu liliingia katika biashara hii mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Kinu cha kwanza cha Afrika kilianza kazi mjini Kinshasa, wakati huo Léopoldville, mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Kilikuwa kinu kidogo cha utafiti, TRICO, kilichotoka Marekani chini ya mpango ulioitwa Atomi kwa Amani. Na hakikuja bure kabisa, maana urani ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliyokuwa imetumika kwa wingi katika mabomu ya kwanza ya Wamarekani. Katika miaka ya 1970 nondo mbili za fueli zilitoweka Kinshasa. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Nondo moja ya kinu cha utafiti haitoshi hata kidogo kutengeneza bomu, lakini safari yake kutoka ukingo wa mto Kongo mpaka huko yatosha kueleza kwa nini muuzaji hulala macho wazi.

Pigo lililobadilisha mambo hasa lilitoka India. Mwezi Mei 1974 India ililipua kifaa cha nyuklia kwa plutoni iliyozaliwa katika kinu cha CIRUS, ambacho Kanada ilikuwa imekitoa kwa ajili ya utafiti, na maji yake mazito yalitoka Marekani. Ahadi ya matumizi ya amani ilikuwapo. Tafsiri yake ndiyo iliyotofautiana. Mwaka uliofuata nchi zilizokuwa zikiuza vinu zilianza kukutana London ili zikubaliane masharti, na kutokana na vikao hivyo likazaliwa Kundi la Nchi Zinazouza Bidhaa za Nyuklia. Orodha ya vitu nilivyovitaja hapo juu, kuanzia chombo cha chuma hadi mabomba ya zikoni, inatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya kundi hilo na ya kamati nyingine iliyotangulia.

Karatasi tatu

Kila nchi inayouza ina sheria zake. Nitaeleza za Marekani, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwa urefu na kubishaniwa mahakamani. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilikuta rafu nzima za kumbukumbu za kesi hizo maktabani. Ni usomaji mkavu kama ugali wa jana, lakini una mafunzo mengi.

Kwanza kuna mkataba kati ya serikali na serikali, unaotakiwa na kifungu cha 123 cha Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 1954. Bila mkataba huo kinu hakiuzwi. Pili kuna leseni ya vitu vyenyewe, ambayo hutolewa na Tume ya Udhibiti wa Nyuklia baada ya kupata maoni ya Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Tatu kuna idhini ya ujuzi, ambayo iko chini ya Wizara ya Nishati. Masharti makuu ni haya: wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, yaani IAEA, waruhusiwe kuhesabu fueli yote, kitu chochote kisitumiwe kwa mlipuko, kilindwe dhidi ya wezi, kisiuzwe tena kwa nchi ya tatu, wala fueli iliyotumika isichakatwe, bila ruhusa ya Marekani. Tangu sheria ya mwaka 1978, nchi isiyo na silaha za nyuklia ni lazima ifungue mitambo yake yote ya nyuklia kwa wakaguzi wa IAEA, hata ile ambayo haikutoka Marekani.

Msomaji aone kwamba masharti haya hayaishi siku kinu kinapopakuliwa bandarini. Kinu hutumika miaka 40 hadi 60, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili huhitaji fueli mpya. Kila shehena ya fueli huweza kuhitaji kibali chake. Wahindi walilijua hilo kwa machungu katika vinu vyao vya Tarapur, karibu na Bombay. Vilijengwa na kampuni ya General Electric chini ya mkataba wa mwaka 1963 ulioahidi fueli kwa miaka 30, vikaanza kazi mwaka 1969. Baada ya mlipuko wa 1974 na sheria ya 1978, India ilikataa kufungua mitambo yake yote. Mwezi Mei 1980 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ilikataa kutoa leseni ya fueli. Rais Carter akaipindua hukumu hiyo mwezi Juni. Baraza la Wawakilishi likampinga. Seneti ikamwokoa kwa kura 48 dhidi ya 46. Umeme wa viwanda vya Bombay ulikuwa ukining'inia kwenye kura mbili za watu wasiopata kuiona Tarapur. Mwaka 1982 pande zote zilikubaliana fueli itoke Ufaransa.

Yaliyoipata Ufilipino

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Mwaka 1976 shirika la umeme la Ufilipino lilipatana na kampuni ya Westinghouse kujenga kinu cha megawati 620 hivi katika rasi ya Bataan, si mbali na mlima Natib, ambao ni volkano iliyolala. Westinghouse ikaomba leseni ya kukisafirisha. Wakati maombi yakiendelea ilitokea ajali ya Three Mile Island, Machi 1979, na watu wa Ufilipino pamoja na wenzao wa Marekani wakaiomba Tume ya Udhibiti wa Nyuklia iangalie jambo moja la wazi: je, mahali hapo panafaa? Je, wakazi wa Bataan watakuwa salama tetemeko likitokea?

Tume ilijibu mwaka 1980 kwamba kuchunguza afya na usalama wa watu katika ardhi ya nchi nyingine si kazi yake katika kutoa leseni ya namna hiyo. Itaangalia madhara kwa Marekani yenyewe na kwa bahari na anga za watu wote. Yaliyomo ndani ya mipaka ya Ufilipino ni juu ya serikali ya Ufilipino. Leseni ikatolewa. Wapinzani walikwenda mahakamani, na mwaka 1981 mahakama ya rufani ya Washington ikaikubali hukumu ya Tume.

Ni rahisi kukasirika tukisoma hukumu hiyo, na mimi sikuisoma bila hasira. Lakini tuipime kwa haki. Kama Tume ya Marekani ingejipa madaraka ya kuamua volkano ipi ya Ufilipino ni hatari na ipi si hatari, kesho yake ingejipa madaraka ya kuamua barabara zetu zipite wapi. Nchi huru haiwezi kudai heshima ya mipaka yake siku ya Jumatatu na siku ya Jumanne idai ikaguliwe na mgeni. Kosa halikuwa katika hukumu peke yake. Lilikuwa katika pengo lililobaki: muuzaji alisema si kazi yangu, na mnunuzi, chini ya utawala wa Marcos, hakuwa na mkaguzi mwenye nguvu ya kusema hapana na kusikilizwa. Tume iliyoundwa Ufilipino kwenyewe mwaka 1979 ilikiona kinu hicho kuwa si salama, ujenzi ukasimama kwa muda, kisha ukaendelea baada ya marekebisho.

Kinu kilikamilika katikati ya miaka ya 1980, kwa gharama iliyozidi dola bilioni 2. Mwezi Februari 1986 Marcos aliondolewa, mwezi Aprili ikatokea ajali ya Chernobyl, na serikali mpya ikakifunga kabla fueli haijaingizwa jikoni. Hakijapata kutoa umeme kwa shirika lililokinunua. Wananchi wa Ufilipino walimaliza kulipa deni lake mwaka 2007.

Tuseme Makambako

Ili tuone ukubwa wa kazi anayoachiwa mnunuzi, tuchukue mfano wa darasani, ambao si habari ya mpango wowote. Tuseme mtu anapendekeza kinu cha megawati 1000 karibu na Makambako. Juujuu pana mengi ya kusifu: barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA ina stesheni, na njia ya umeme wa kilovolti 220 kwenda Songea huanzia hapo. Serikali ya muuzaji inaweza kutoa leseni yake bila kumtuma mtu hata mmoja akanyage udongo wa Makambako.

Nani basi atauliza habari ya maji? Kinu cha ukubwa huo, kikipozwa kwa minara, hupoteza kwa mvuke kiasi cha lita 700 za maji kila sekunde, usiku na mchana, Oktoba kama Aprili. Kila mkazi wa nyanda hizo ajua tofauti ya mto wa Aprili na mto wa Oktoba. Na Ruaha Mkuu, kaskazini ya hapo, ulianza kukatika wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Nani atauliza habari ya ardhi? Upande wa magharibi kuna Bonde la Ufa na milima ya volkano ya Rungwe, na mwezi Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne iliyopita. Vinu vingi vya sasa husanifiwa kustahimili mtikisiko wa sehemu tatu ya kumi hivi ya mchapuko wa uvutano. Huenda kiasi hicho chatosha Makambako, huenda hakitoshi. Jibu hupatikana kwa vipimo vya miaka kadhaa vinavyofanywa mahali penyewe, na hakuna kitabu cha muuzaji kinachoweza kulitoa.

Kuna pia upepo, ambao Makambako inao wa kutosha, na ambao siku ya ajali ndio ungeamua kama wingu litaelekea Njombe au Mufindi. Kuna barabara, ile ile inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, ambayo watu wangeitumia kukimbilia. Tena kuna gridi yenyewe. Wahandisi wa umeme hupendelea mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi, ili ukizimika ghafla usiwazime wengine wote. Hata baada ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2115, mitambo yote ya gridi ya Tanzania mwaka 2025 ilikuwa na uwezo wa karibu megawati 4000. Kinu cha megawati 1000 ni robo yake.

Maswali hayo yote ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ikirithi kazi za Tume ya Taifa ya Mionzi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1983. Kazi yake ya kila siku ni ya maana sana, kama vile kukagua mashine za eksirei hospitalini na kupima mionzi katika vyakula vinavyoingia nchini. Lakini kukagua kinu kwahitaji jeshi jingine la wataalamu: wa matetemeko, wa metali, wa mwendo wa maji yenye joto na shinikizo, na wanasheria wenye uwezo wa kusimamisha mradi wa mabilioni. IAEA hushauri, nayo imeorodhesha mambo 19 ya kutayarishwa, lakini haitoi leseni ya kujenga wala kuendesha.

Kwamba jambo hilo lawezekana, Falme za Kiarabu zimeonyesha. Mwezi Desemba 2009 zilinunua vinu vinne kutoka Korea Kusini kwa ajili ya Barakah, vyenye jumla ya megawati 5600. Karatasi za Marekani nazo zilihitajika, kwa kuwa asili ya ujuzi wa Wakorea ilikuwa ya Kimarekani. Lakini mwaka huo huo Falme hizo ziliunda mamlaka yao ya udhibiti, zikaajiri wakaguzi wenye uzoefu kutoka nchi nyingi na kuanza kuwafunza vijana wao. Kinu cha kwanza kilitarajiwa kuanza mwaka 2017. Leseni ya kukiendesha haikutoka mpaka Februari 2020, sababu mojawapo ikiwa matayarisho ya waendeshaji. Mkaguzi wa mnunuzi ndiye aliyesema bado, na mradi wa mabilioni ukangoja. Mafuta yaliwasaidia kulipa wataalamu, hilo halifichiki. Sisi itatubidi tuwafunze wetu kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo tuanze mapema zaidi.

Zamu ya Tanzania kutoa kibali

Kuna upande mwingine ambao haukumbukwi. Urani ya Mto Mkuju ikianza kuchimbwa kwa biashara, Tanzania yenyewe itakuwa nchi inayotoa vibali. Urani hutoka mgodini ikiwa unga, uliofungwa katika mapipa ya chuma. Kutoka Namtumbo hadi bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya Songea, mapipa yangepita Njombe na Makambako. Njia nyingine ni ya mashariki, kwa Tunduru na Masasi hadi Mtwara. Mionzi ya unga huo ni hafifu, na pipa lililofungwa vyema si hatari kwa anayepishana nalo barabarani. Hatari ni kuuvuta au kuumeza, kwa kuwa urani hudhuru figo, na ndiyo maana dereva, polisi na wauguzi wa njiani hupaswa kujua la kufanya pipa likipasuka.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1991, na tangu mwaka 2005 ina makubaliano ya ukaguzi na IAEA pamoja na itifaki ya nyongeza. Kwa hiyo ofisa wetu atakayeombwa kibali atauliza maswali yale yale ya Washington: urani inakwenda kwa nani, wakaguzi wa IAEA wanaingia huko, na itauzwa tena kwa mwingine? Atapaswa pia kutoa taarifa ya kiasi na ya mahali inakokwenda. Hata hivyo ofisa huyo ana swali moja ambalo muuzaji wa kinu hakulazimika kuuliza kuhusu Bataan, kwa kuwa watu wanaohusika ni wake. Ataliuliza Njombe na Makambako kabla ya lori la kwanza kuondoka Namtumbo: nani hapa amefunzwa, ana kifaa gani cha kupimia mionzi, na atampigia nani simu usiku?